Nadhiri na Ngawira: Mahekalu na Majengo ya Umma ya Forum ya Roma

Mtu aliyelelewa katika desturi ya kumwabudu Mungu ndani ya nyumba, ambamo waumini huingia wote pamoja wakajipanga mbele ya Mola wao, hana budi kustaajabu aitazamapo ramani ya Forum, uwanja mkuu wa Roma ya kale. Kwani ataona hekalu la Saturn limewekewa hazina ya dola, hekalu la Castor limefanywa mahali pa kuhakikishia vipimo, hekalu la Concord limekuwa ukumbi wa wazee wa Seneti washaurianapo juu ya roho za watu, na mbele ya hekalu la Julius Caesar limesimamishwa jukwaa la kuhutubia, lililopambwa kwa magubeti ya shaba yaliyong'olewa katika merikebu za adui. Wabadili fedha wako hatua chache tu kutoka madhabahuni, na mawakili hupaza sauti zao ilhali moshi wa dhabihu unawapitia usoni.

Jambo hili limefasiriwa kwa njia mbili. Wako waliosema kwamba wakubwa wa Roma hawakuiamini miungu yao kwa dhati, na kwamba mahekalu yale yalikuwa pazia la kuficha tamaa ya utawala. Na wako waliosema kinyume chake, kwamba taifa lile lilikuwa na uchaji mkubwa hata halikuweza kununua wala kuuza, seuze kutunga sheria, pasipo miungu kuwa karibu. Rai zote mbili zina ushahidi wake, walakini zote zimejengwa juu ya mgawanyo ambao Mrumi mwenyewe asingeutambua. Kwa maoni yangu, hekalu la Kirumi lilikuwa kwanza kabisa deni lililolipwa mbele ya mashahidi. Na maadamu deni lilikuwa la taifa zima, mashahidi walipatikana pale taifa lilipokutanika. Hazina, vipimo, hotuba, na hata ile tabia ya kufuta majina ya watu kutoka mawe yalipochongwa, vyote vilifuata kutoka hapo.

Bonde lenyewe halikuwa na dalili ya utukufu. Lilikuwa tope baina ya vilima vya Palatine na Capitoline, na katika zama za kale sana watu walizika maiti wao humo, mpaka lilipokaushwa kwa mfereji mkuu uitwao Cloaca Maxima, ambao mapokeo ya Warumi huunasibisha na wafalme wa ukoo wa Tarquinius katika karne ya 6 K.K. Mwaka 1899 mwanaakiolojia Giacomo Boni, alipokuwa akichimba mbele ya jengo la Seneti, alivumbua chini ya sakafu ya mawe meusi jiwe lililosimamishwa wima, limeandikwa Kilatini cha kale mno ambacho wataalamu hawajakubaliana namna ya kukisoma chote; ila lililo dhahiri ni kwamba linamtaja mfalme, na linamtishia laana atakayepanajisi mahali pale. Sheria na laana, basi, zilikwisha kukaa katika jiwe moja kabla jamhuri haijazaliwa.

Hekalu aghalabu liliasisiwa vitani. Jemadari aliyeona safu zake zinayumba alimwekea mungu fulani nadhiri, kwamba akipewa ushindi atamjengea nyumba Roma. Na nadhiri hiyo haikuwa kilio cha mnyonge, ilikuwa mkataba wenye sharti, ambao sharti likishatimia hapana tena hiari ya kuutimiza au kuuacha. Ndivyo ilivyosimuliwa juu ya Aulus Postumius, aliyepigana na Walatini kando ya ziwa Regillus mwanzoni mwa karne ya 5 K.K., akawaahidi hekalu Castor na nduguye Pollux, miungu ya wapanda farasi. Hekalu likawekwa wakfu mwaka 484 K.K. kwa mkono wa mwanawe, na wasimulizi wakaongeza kwamba siku ile ya vita vijana wawili wageni walionekana wakiwanywesha farasi wao kwenye chemchemi ya Juturna, pale pale Forum, wakiwapa watu habari ya ushindi kabla ya mjumbe yeyote kuwasili. Miaka ilipopita na vita vikaenda mbali, gharama za ujenzi zikalipwa kwa ngawira, na jina la jemadari likakaa karibu na jina la mungu. Anayeshuku uchaji wa Warumi huona hapo majivuno matupu. Lakini anasahau kwamba mdaiwa aliyelipa hutaka risiti yake, na risiti ya jemadari ilikuwa jina lake lililochongwa juu ya mlango.

Umbo la jengo lilifuata kazi hiyo. Wayunani waliyazungushia mahekalu yao ngazi pande zote, mtu akaweza kuyakaribia atokako. Warumi waliyainua ya kwao juu ya kikalio kirefu cha mawe, wakaweka ngazi upande wa mbele tu, wakaielekeza sura ya jengo uwanjani, na madhabahu wakaiacha nje. Ndani mlikaa sanamu ya mungu na tunu alizotunukiwa. Umma haukuingia kuomba kwa pamoja. Dhabihu ilitolewa nje mbele ya macho ya watu, na aliyeisimamia mara nyingi hakuwa kuhani wa maisha, alikuwa kiongozi aliyechaguliwa kwa mwaka ule, aliyejifunika kichwa kwa upindo wa vazi lake, ambaye jana alisikiliza kesi na kesho huenda akaongoza jeshi. Kwa jengo la namna hiyo, ngazi zinakuwa jukwaa pasipo mtu kuamua, na kikalio kinakuwa na nafasi ya vyumba.

Vyumba hivyo havikukaa vitupu. Hekalu la Saturn, ambalo mapokeo huliweka mwanzoni mwa karne ya 5 K.K., lilihifadhi fedha za dola pamoja na nyaraka zake, kwa kuwa mwizi anayevunja sanduku la serikali huogopa askari, bali avunjaye nyumba ya mungu huogopa askari na mungu pia. Si kila mtu aliogopa. Mwaka 49 K.K., Julius Caesar alipoingia mjini baada ya kuvuka mto Rubicon, mjumbe wa raia aitwaye Metellus alimzuia asiiguse hazina. Caesar akamtishia kumwua, milango ikavunjwa, dhahabu ikatoka. Upande wa pili wa uwanja, hekalu la mviringo la Vesta, lililotunza moto usiozimwa na lisilokuwa na sanamu ya mungu wake, lilihudumiwa na mabikira sita waliofungwa kwa ahadi ya miaka 30. Na wanawake hao, waliokuwa watakatifu kuliko watu wote wa mji, ndio waliokabidhiwa nyaraka za wasia za wakubwa. Wasia wa Caesar ulitoka kwao. Wasia wa Marcus Antonius nao ulikuwa kwao, mpaka hasimu wake Octavian, mwana wa kupanga wa Caesar, alipoutwaa kwa nguvu mwaka 32 K.K. akausoma hadharani ili kumwaibisha mwenyewe angali hai. Dini isiyoaminiwa haipewi amana za namna hiyo.

Hata hivyo hekalu lililokaribia zaidi maisha ya kila siku lilikuwa lile la Castor. Humo vipimo vya mizani vilihakikishwa, humo Seneti ilikutana mara kwa mara, na kutoka ngazi zake wanasiasa waliwahutubia raia. Wachimbaji wa zama zetu wamekuta katika vyumba vya kikalio chake mabaki ya maduka, na katika duka moja meno mengi yaliyong'olewa, dalili kwamba mganga wa meno alifanya kazi chini ya miguu ya miungu pacha. Lakini ushahidi ulio bora kuliko meno ametuachia Cicero, wakili na mwanasiasa, katika hotuba alizoziandaa mwaka 70 K.K. kumshtaki Gaius Verres.

Verres alikuwa hakimu wa mji mwaka 74 K.K., na miongoni mwa kazi zake ilikuwamo kukagua majengo matakatifu yaliyokabidhiwa wakandarasi. Matengenezo ya hekalu la Castor yalikuwa yamechukuliwa na mtu aitwaye Junius, aliyefariki akiacha mtoto mdogo, na ikawapasa wasii wa yatima huyo kulikabidhi hekalu likiwa zima. Verres akaenda mwenyewe kutazama. Akazunguka, akaangalia dari, akaangalia sakafu, hakuona kasoro ya kumfungulia mlango wa pesa. Akawageukia wapambe wake kuuliza afanyeje, na mmoja akamwambia kwamba hapo hapana njia ila kudai nguzo zisimame sawasawa na timazi. Bwana mkubwa hakujua timazi ni kitu gani. Akaelezwa, akaelezwa na la ziada, kwamba ni nadra sana kuiona nguzo isimamayo sawa kabisa na timazi. Basi hilo likawa sharti. Zabuni ikapitishwa harakaharaka, wasii wakazuiwa, kazi ikapewa mtu wake kwa sesterti 560,000 zilizotoka katika mali ya yatima; nguzo zikavuliwa kwa mtambo na kurudishwa kwa mawe yale yale, na nyingine hazikuguswa ila kupakwa chokaa mpya. Cicero anawataka mahakimu wazitazame nguzo hizo wanazoziona zimepakwa nyeupe, kana kwamba hekalu zima ni kielelezo kilicholetwa mahakamani. Nami nadhani maneno hayo yanatufunulia zaidi ya wizi wenyewe: jengo la mungu lilikuwa mali ya umma kwa maana iliyo kamili, lina mkandarasi, lina ukaguzi, lina tarehe ya kukabidhiwa, na fundi mwashi asiye na dini yoyote angeweza kulitolea ushahidi.

Kama hekalu ni kumbukumbu ya deni, basi na mwongo anaweza kuandika kumbukumbu yake. Mwaka 121 K.K. konseli Lucius Opimius aliwaongoza wenye silaha dhidi ya Gaius Gracchus na wafuasi wake waliodai ardhi na haki kwa maskini. Waliouawa, kwa hesabu ya mwandishi wa Kiyunani Plutarch, walifikia 3,000. Opimius, baada ya kuusafisha mji kwa ibada, akajenga upya hekalu la Concord, yaani Mapatano. Wananchi hawakudanganyika, na Plutarch anasimulia kwamba usiku mtu asiyejulikana aliongeza chini ya maandishi rasmi kejeli yake, ya kwamba nyumba hiyo ya mapatano imejengwa na wazimu wa fitina. Katika ukumbi huo huo, Desemba 63 K.K., Seneti ilikata shauri la kuwanyonga washirika wa Catiline, aliyekula njama ya kuipindua serikali, pasipo kuwapeleka mbele ya mahakama ya raia. Tiberius, aliyekuja kuwa Kaizari, alipolijenga tena kwa marumaru na kuliweka wakfu mwaka 10 B.K., akalijaza sanamu na picha za mafundi wa Kiyunani, ugomvi wa ndani ulikuwa umekwisha, kwa sababu hapakuwa tena na wa kugombana.

Jukwaa kuu la kuhutubia lilikuwa kumbukumbu ya namna nyingine. Magubeti yaliyolipamba mwanzo yalitoka katika merikebu za mji wa Antium, uliotekwa mwaka 338 K.K.; juu yake walisimama wote waliotaka kuugeuza moyo wa umma, na juu yake, mwaka 43 K.K., kilitundikwa kichwa cha Cicero pamoja na mkono wake. Wasomaji wetu wengi wameijua Forum kwa njia ya mazishi ya Caesar, tangu Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare na kuichapisha mwaka 1963, wakamsikia Antonius akiusogeza umati hatua kwa hatua kutoka huzuni hadi ghadhabu. Tamthilia inasema Caesar aliuawa Capitol. Kwa kweli aliuawa katika ukumbi ulioungana na jumba la michezo la Pompeius, mbali na hapo, na Forum ilipokea maiti tu. Umati uliichoma pale pale kwa samani zilizonyakuliwa karibu, na mahali pa majivu likajengwa hekalu la Julius aliyefanywa mungu, lililowekwa wakfu mwaka 29 K.K. Mbele yake likatengenezwa jukwaa jipya, likapambwa kwa magubeti ya vita vya Actium, ambamo adui aliyeshindwa alikuwa pamoja na Antonius, Mrumi mwenziwe.

Hapo mambo yaligeuka, na mtu anayeutazama uwanja kwa jumla huliona geuko hilo bila kusoma kitabu. Upande mmoja hekalu la baba wa kupanga wa Augustus, ndiye yule Octavian. Upande mwingine Curia Julia, nyumba ya Seneti yenye jina la ukoo wake. Kusini basilika ya Julia, ambamo mahakama ya urithi ilikaa, na ambayo ngazi zake zingali na alama za michezo ya bao iliyochorwa na watu waliokuwa wakingoja kesi, au wakikwepa kazi. Augustus mwenyewe anajisifu kwamba katika mwaka 28 K.K. alitengeneza mahekalu 82 ya mji, na sina sababu ya kumkadhibisha. Ila aliyeyatengeneza yote amewanyang'anya wengine nafasi ya kulitengeneza hata moja. Tangu siku hizo majemadari wasiokuwa wa nyumba ya Kaizari hawakujenga mahekalu ya ushindi Roma. Mdaiwa wa miungu alibaki mmoja. Viwanja vipya vilivyojengwa kaskazini na Makaizari, cha Augustus chenye hekalu la Mars Mlipa-Kisasi, na kile cha Trajan kilichozinduliwa mwaka 112 B.K. chenye nguzo ndefu iliyochongwa vita vya Dacia kama utepe, vinapita Forum ya kale kwa fahari na ulinganifu. Lakini ni majengo ya msemaji mmoja, na huchosha upesi.

Mtindo wa Forum ulisafirishwa hadi miji mingine. Msanifu majengo wa Kirumi Vitruvius, katika kitabu chake cha ujenzi, anashauri kwamba hazina, gereza na nyumba ya baraza viungane na uwanja mkuu, na kwamba ukubwa wa uwanja ulingane na idadi ya watu, usije ukawa finyu wala usije ukaonekana jangwa. Huko Timgad, mji uliojengwa mwaka 100 B.K. kwa askari waliostaafu katika nchi iitwayo leo Aljeria, uwanja umekatwa kwa pembe mraba katikati ya mitaa. Pompeii, iliyofunikwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79 B.K., imetuhifadhia jambo dogo ambalo Roma yenyewe imelipoteza: meza ya jiwe yenye mashimo ya ujazo mbalimbali, ambamo mnunuzi aliyeshuku kibaba au pishi ya mfanyabiashara angeweza kupima upya. Mashimo hayo yalikuwa na majina ya vipimo vya Kioska, lugha ya wenyeji. Katika zama za Augustus maafisa wa mji wakayafuta majina hayo, wakayapanua mashimo yalingane na vipimo vya Roma, na kulitangaza tendo lao kwa maandishi. Kwa mwananchi wa kawaida, dola iliingia mjini kwa njia ya shimo lile hakika zaidi kuliko kwa njia ya hekalu la Jupiter lililosimama karibu nalo.

Afrika nayo ililipa na kulipwa. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika nchi ya Libya, alipoishika dola na kuwashinda Waparthi, Seneti ilimjengea tao la milango mitatu mbele ya nyumba yake ya mikutano mwaka 203 B.K., likiwataja yeye na wanawe wawili, Caracalla na Geta. Miaka minane baadaye Severus akafa, na kabla mwaka haujaisha Caracalla akamwua nduguye. Amri ikatoka jina la Geta lifutwe dola nzima. Juu ya tao herufi za shaba za mstari wa nne zikang'olewa, mawe yakachimbwa kidogo, zikawekwa herufi nyingine zenye sifa za watawala wawili waliobaki, baba aliyekufa na mwana aliyeua. Shaba yote imekwisha kuibwa tangu dahari. Yamebaki matundu ya misumari iliyozishika herufi, matundu ya mwanzo na matundu ya pili yamechanganyika, na wataalamu, kwa kuyafuata moja baada ya jingine, wamelisoma tena jina lililofutwa. Tao la Titus, lililo upande wa pili wa Forum, halikufutwa kitu: askari wake wangali wamebeba kinara cha matawi saba walichokitwaa katika hekalu la Baitul-Mukaddas mwaka 70 B.K., nadhiri ya watu wengine iliyogeuzwa ngawira ya Roma.

Makaizari Wakristo walipozuia dhabihu mwishoni mwa karne ya 4, deni likakosa mdai. Majengo hayakubomolewa siku moja. Yalikosa wa kuyatengeneza, kisha yakapata wa kuyauza. Marumaru iliyochomwa hutoa chokaa nzuri, na kwa karne nyingi tanuri zilifanya kazi hiyo katikati ya Forum, ilhali udongo ulipanda mpaka uwanja ukawa malisho, ukaitwa Campo Vaccino, Konde la Ng'ombe. Yaliyopona yalipona kwa kupewa kazi mpya. Hekalu alilojengewa Faustina na mumewe Antoninus mwaka 141 B.K., ambaye jina lake mwenyewe liliongezwa juu ya la mkewe alipofariki miaka 20 baadaye, likawa kanisa, na mlango wa kanisa hilo leo unaning'inia juu kabisa ya ngazi za kale, kwa kuwa ulijengwa ardhi ilipokuwa huko. Ukumbusho wa mwisho uliosimamishwa Forum ni nguzo aliyotunukiwa Kaizari Phocas mwaka 608 B.K., na hata hiyo haikuchongwa kwa ajili yake. Ilitolewa katika jengo la zamani.

Zama zetu nazo zimeandika na kufuta. Mwaka 1932 serikali ya Mussolini ilipitisha barabara pana ya maandamano juu ya viwanja vya Makaizari, ikabomoa mitaa ya watu na kufunika tena sehemu ya vilivyokuwa vimefukuliwa, ili wanajeshi wapite baina ya magofu. Katika miaka hiyo hiyo nyumba ya Seneti, iliyofanywa kanisa la Mtakatifu Adriano katika karne ya 7 na kwa sababu hiyo ikabaki na kuta zake, ilivuliwa mapambo yote ya kikanisa ili ionekane kama ilivyokuwa zama za Kaizari Diocletian aliyeijenga upya baada ya moto wa mwaka 283. Kazi ilifanywa kwa ustadi, siwezi kukanusha. Lakini miaka 1,300 ya maisha ya jengo ilitupwa ili kuirudisha karne moja iliyochaguliwa na watawala wa siku hizo. Milango yake ya shaba haikuweza kurudishwa, kwa kuwa ilikwisha kuhamishwa katika karne ya 17 hadi kanisa kuu la San Giovanni huko Laterano, ikaongezwa ukingo kwa sababu mlango wa kanisa ulikuwa mkubwa zaidi. Iliyopo Forum ni nakala, na anayetaka kuiona milango ya Seneti hana budi kuvuka mji hadi Laterano, ambako ingali mlangoni pa kanisa.